Kurasa Alizozibandika Shangazi

Bwenini, chumba cha nne
9 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kifurushi kimefika salama. Matroni alikifungua mbele yangu akitafuta simu, na alipokuta riwaya ya kurasa mia nne alininunia kana kwamba nimempotezea muda makusudi. Hapa simu ni marufuku, kwa hiyo mimi na wewe tumerudi enzi za stempu, na sikufichi kwamba nafurahia.

Riwaya nimeimaliza kwa siku tatu. Ufalme uliojengwa juu ya chumvi, malkia anayezungumza na ndege wa chuma, joka linalokula kengele. Nimechelewa mstarini mara mbili kwa ajili yake. Hukuwahi kuniambia kwamba vitabu vya namna hii vipo. Miaka yote niliyokaa kwenye kile kiti nyuma ya kaunta yako ukinichagulia vitabu vya mito na wanyama, kumbe kwenye rafu za juu watu walikuwa wanapaa.

Ila nina kesi na wewe. Ukurasa wa 112 na wa 113 zimegandana, tena pabaya. Mwisho wa 111 malkia anamlaza mtoto wake kwenye kapu. Mwanzo wa 114 mtoto ana miaka tisa, analelewa na mfumaji, na malkia hatajwi tena mpaka kitabu kinakwisha. Nimesoma pale mara tano. Nimeamua tu kwamba alikufa. Mama yangu alikufa kwa homa mimi nikiwa na miaka minne, akazikwa kwao mbali, na maisha yakaendelea bila mtu kumtaja sana, kwa hiyo naijua hali hiyo. Lakini wewe ndiye fundi wa kukarabati vitabu maktaba nzima. Hukuona?

Sasa nataka cha kutisha. Cha kutisha kweli, si cha kutisha cha watoto. Na kimoja cha hizo riwaya nzito ambazo mgongoni mnazibandika karatasi ya FASIHI, maana mwalimu anatuchagua watu wa kusimama mbele ya darasa na kuchambua.

Ni mimi,
Kidomo wako


Maktaba, chumba cha ukarabati
20 Februari

Kidomo,

Marahaba. Naona bweni halijakupunguza ulimi.

Paa la chumba changu linavuja, nimeshawaandikia wakubwa mara kumi na tatu. Maji yakiingia kwenye gundi mbichi kurasa zinashikana, na mimi nina macho mawili tu na vitabu elfu sita. Usijaribu kuzitenganisha kwa kisu, utachana karatasi. Hukupoteza chochote cha maana. Malkia aliondoka kwenye hadithi, basi.

Nimekuwekea viwili. Cha kutisha usikisome kabla ya kulala, halafu ukimwamsha matroni usinitaje. Kile cha fasihi ni cha polepole, lakini ukivumilia kurasa thelathini za kwanza utanishukuru. Vyote vimefutwa kwenye orodha yetu kwa uzee, kwa hiyo ni mali yako.

Baba yako anasalimu. Duka lake la saa limepata dirisha jipya na amekuwa akijitazama humo kama bwana harusi.

Shangazi yako


Bwenini
17 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Cha kutisha kimetuchanganya chumba kizima. Ile nyumba ambayo dari yake inapumua. Watu saba wanakufa, mmoja wao anachemshwa, na bibi yao anatolewa ukutani vipande vipande. Wenzangu watatu wamehamishia magodoro yao karibu na mlango. Nimecheka mpaka mbavu zikauma, kisha usiku mimi ndiye niliyeshindwa kwenda msalani.

Lakini paa lako lina tabia ya ajabu. Limevuja kwenye ukurasa wa 74 na 75 tu. Yule mama wa watoto wawili yuko ngazini ukurasa wa 73 na sanduku mkononi. Ukurasa wa 76 watoto wako peke yao na lile dude la darini. Sanduku halipo, mama hayupo.

Na kwenye ile riwaya nzito limevuja tena, 58 na 59. Mke wa karani anavua aproni, anaitundika. Tukifungua ukurasa unaofuata karani anakula peke yake, na anaendelea kula peke yake kwa kurasa mia na ishirini bila mtu kutuambia kwa nini. Nimeichambua mbele ya darasa. Nimesema mwandishi ameacha pengo kwa makusudi ili msomaji ateseke pamoja na karani. Mwalimu amenisifu, amesema huo ndio ukomavu. Nimepata tisa kwa kumi.

Niambie ukweli, Shangazi. Paa linavujaje kwenye kurasa mbili kati ya mia tatu?

Jambo jingine. Ng'ambo ya ua wetu kuna shule ya chekechea, na kila Jumatano tunapelekwa kuwasomea watoto. Wenzangu wanawasomea vitabu vya hesabu, masikini. Nitumie kitabu cha hadithi chenye picha kubwa.

Kidomo


Maktaba
28 Machi

Kidomo,

Umeanza kunihoji kama askari. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na mbili na sijawahi kuulizwa maswali ya gundi na mtu ninayemtumia vitabu bure. Ukiona kurasa zimeshikana, ruka, soma mbele. Wasomaji wote duniani wanaruka.

Hiki hapa kitabu cha watoto. Ni cha paka mweupe na wanawe watatu. Wachekeshe hao watoto na unyamaze kidogo.

Shangazi yako


Bwenini
6 Mei

Shangazi,

Leo sikuamkii.

Jumatano iliyopita nilikaa kwenye mkeka na watoto ishirini na nane. Nikasoma paka mweupe anavyowanyonyesha wanawe. Nikafunua, kurasa mbili zimegandana. Nikaruka, kama ulivyoniagiza. Upande wa pili wale paka watatu wako peke yao kwenye sanduku la viatu. Mtoto mmoja akauliza mama yao yuko wapi. Nikajibu bila hata kufikiri kwamba amekufa. Watoto wanne wakaanza kulia. Nikawabembeleza, nikaendelea, nikafika ukurasa wa mwisho, na kwenye ukurasa wa mwisho paka mweupe anaingia mlangoni na kapu mkononi, anacheka, wanawe wanamrukia.

Kuna binti mmoja pale hana meno ya mbele. Alisimama akaninyooshea kidole. Akasema, "Si umesema amekufa? Mwalimu, wewe muongo."

Sijawahi kuona aibu ya namna ile. Nilirudi na kitabu mpaka jikoni kwetu, nikamwomba mpishi anipishe kwenye sufuria la chai, nikakishika juu ya mvuke hadi vidole vikaungua. Gundi yako ni nzuri, lakini inaogopa mvuke. Zikaachia. Paka mweupe amepanda treni. Picha nzima ni yake akichungulia dirishani, na chini imeandikwa kwamba amewaacha wanawe ili akatafute mahali pasipo na mbwa.

Nikavileta vingine vitatu. Mpishi alidhani nimechanganyikiwa. Malkia wa chumvi hakufa, Shangazi. Alivua taji, akavaa viatu vya mtumishi, akatoka kwa mlango wa jikoni. Yule wa kwenye nyumba ya kutisha alishuka ngazi na sanduku lake na kuwaambia watoto anakwenda dukani. Mke wa karani aliacha chai jikoni, saa sita mchana, akaenda kusimama kituoni. Na mimi nilipewa tisa kwa kumi kwa kuisifu gundi yako.

Hasira yangu si ya kurasa nane. Nilikaa na vitabu vile vinne kitandani nikatafuta ulikuwa unanikinga na nini. Si vifo. Vifo vyote umeniachia. Yule mtu aliyechemshwa umeniachia na mchuzi wake. Joka linamchoma mama wa mfumaji mbele ya wanawe, kurasa sita, hakuna hata tone la gundi. Mama wakifa huna neno. Ulichokibandika ni kimoja tu katika vitabu vyote vinne. Mama anayetoka nyumbani kwa miguu yake mwenyewe.

Sijawahi kuona kaburi la mama yangu. Sijawahi kuona hata picha ya kaburi. Nilikuwa nadhani ni kwa sababu ya umbali.

Nimemwandikia Baba pia. Nakuuliza wewe, na usiniletee habari za paa. Mama yangu alikufa, au alitoka?

Sitatia sahihi ya Kidomo. Jina hilo ulinipa wewe.

Binti wa kaka yako


Maktaba
14 Mei

Kaka,

Mtoto amejua. Najua na wewe umepata barua yake, kwa sababu umenikatia simu mara tatu.

Kosa ni langu, sibishani. Ningeweza kumtumia vitabu vingine. Lakini vile ndivyo vilivyokuwa vizuri kuliko vyote, na sikutaka avikose kwa sababu ya ukurasa mmoja. Nilidhani nitatoa kile kipande tu, kama unavyotoa mfupa kwenye samaki. Sikujua kwamba mashimo yenyewe yatamwonyesha kilichotolewa.

Nataka kumwambia. Naomba ruhusa yako.

Mdogo wako


Dukani
19 Mei

Mdogo wangu,

Ruhusa huna.

Uliapa. Ulikaa kwenye meza yangu ukaapa, mtoto amelala chumba cha pili, kwamba mwanamke yule amekufa na hatufufui mtu. Miaka kumi na tatu nimeubeba uongo ule mbele ya walimu, madaktari, majirani, na haukunidondoka hata siku moja. Wewe umeudondosha kwa chupa ya gundi. Nani alikutuma kumpa mtoto riwaya? Hizo hadithi zenu za malkia na madude zimemfundisha kuwashuku watu waliomlea.

Mwandikie kwamba alikufa. Sema ulibandika kwa sababu ya uzee wa vitabu. Atalia, atanyamaza. Mimi sikuyumba hata yule mwanamke mwenyewe aliporudi mwezi wa tatu baada ya kuondoka akagonga mlango kutwa nzima anamtaka mwanawe. Nilikaa ndani nikaongeza sauti ya redio. Kama niliweza siku ile, na wewe utaweza kuandika barua moja.

Kaka yako


Maktaba
24 Mei

Mwanangu,

Baba yako amenikataza kuandika barua hii. Katika kunikataza ameandika jambo ambalo sikulijua, na nimeisoma sentensi ile mara nyingi mno. Nina hasira, usishangae mwandiko.

Mama yako hakufa. Alitoka. Ilikuwa mchana, alichukua cherehani yake akasema anaipeleka kwa fundi, wewe ulikuwa unachezea vifuniko vya sufuria sakafuni. Walikuwa wamegombana wiki nzima juu ya kazi yake. Yeye alitaka kufungua chumba cha ushonaji, kaka yangu akasema mke wake hatashonea watu nguo za ndani. Hakurudi siku ile, wala wiki ile. Mwezi ulipokwisha baba yako akaniita mezani akasema tangu leo wifi yako amekufa kwa homa. Nikaapa. Nilimchukia sana wifi yangu, na ukitaka kujua, nilikuwa nakutaka wewe. Sina mtoto. Ulianza kuja kukaa kwenye kiti changu kila jioni, na uongo ule ukanilipa vizuri.

Jambo nisilolijua ni kwamba alirudi. Mwezi wa tatu aligonga mlango kutwa, na baba yako hakufungua. Mimi niliambiwa hakuwahi kugeuza hata shingo. Miaka kumi na tatu nimemlaani mtu aliyegonga mlango.

Bado kuna moja. Miaka mitatu iliyopita aliingia hapa maktaba. Alikuwa na binti wa miaka minne, umri uleule aliokuacha nao. Alinifahamu, nikamfahamu. Aliomba kitabu cha watoto. Nikamletea. Akajaza fomu ya uanachama taratibu sana, akaisogeza kwangu, akasimama pale akinitazama. Hakukuulizia, mwanangu. Alichukua kitabu, akaondoka, na hakukirudisha. Siku ile niliapa mwenyewe, bila kaka yangu, kwamba hutakutana na mwanamke wa namna hiyo hata kwenye riwaya. Ulipokwenda bweni na sikuweza tena kukuchagulia mbele ya macho yangu, nikachukua gundi.

Fomu ile ninayo. Anwani nimeinakili nyuma ya karatasi hii. Sijui kama bado anaishi hapo. Ukienda akakufungia mlango, rudi kwangu, hata kama hutaki kuniona.

Siombi msamaha kwenye barua, naona ni rahisi mno.

Shangazi yako


Bwenini
11 Juni

Shangazi,

Nilikwenda. Likizo ya katikati ya muhula nilimdanganya matroni kwamba nakuja kwako. Naona udanganyifu uko kwenye damu.

Ni chumba cha mbele cha nyumba ya ghorofa moja, kimegeuzwa duka la ushonaji. Mlango ulifunguliwa na binti wa miaka saba mwenye uzi mwekundu mdomoni. Alinikaribisha vizuri kuliko watu wazima wanavyokaribisha. Nikakaa kwenye benchi la wateja. Juu ya cherehani kuna picha yangu. Nina miaka minne, nimeshika kifuniko cha sufuria. Nikamuuliza huyo ni nani, akanijibu kama mtu anayetaja rangi ya ukuta.

"Ni dada yetu. Alikufa kwa homa."

Homa, Shangazi. Hata ugonjwa mmechagua uleule. Watu wazima hamna ubunifu wowote.

Mama yangu akatoka chumba cha ndani na futi ya kitambaa shingoni. Aliona sare yangu tu. Akauliza kama ni mabega yanayobana, na kabla sijajibu akawa amenisimamisha ananipima. Nilimwacha. Alinipima mabega, kifua, mkono mmoja, akawa ananung'unika kwamba shule zinashona sare kwa kukisia. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, maneno makali, na nikayasahau yote kwa sababu mikono yake ilikuwa na joto. Akafungua daftari la wateja akaniuliza jina. Nikalitaja langu, kisha la Baba. Aliandika herufi tatu akaacha. Halafu akakaa sakafuni, si kwenye kiti.

Nimemkasirikia na nimemwambia. Nilimuuliza anawezaje kunitundika ukutani na kuniua kwa sentensi moja. Alijibu akilia, na hili jibu nataka ulisome umekaa. Alisema siku ile alipanda mabasi matatu kufika maktaba, si kwa ajili ya kitabu. Alijua wewe unafanya kazi pale. Aliogopa kuniulizia kwa mdomo kwa sababu mlango wa kaka yako ulishamjibu, na yeye alijua wewe na kaka yako ni kitu kimoja. Kwa hiyo aliandika anwani yake kwa herufi kubwa, akaisogeza mbele yako, akasimama kungoja useme neno lolote. Hukusema. Hakurudisha kitabu ili maktaba imwandikie barua ya kumdai, na barua hiyo iandikwe na wewe. Alingoja mwaka mzima. Yule mdogo alipouliza kwa mara nyingine dada wa kwenye picha yuko wapi, akamwambia amekufa.

Kwa hiyo hesabu yangu ni hii. Baba alimuua yeye. Wewe ukakaa kimya kwenye kaunta. Yeye akaniua mimi. Na nyote watatu mnanipenda, kila mmoja ameniandikia au ameniambia hivyo, na sijui nifanye nini na mapenzi ya namna hiyo. Sijakusamehe. Yeye pia sijamsamehe, na Baba sijaanza hata kumfikiria.

Lakini yule mdogo alikuwa amesimama mlangoni wakati wote. Nikamwita nikamwambia ukweli, kwa sababu hakuna mwingine pale ndani aliyekuwa na mpango huo. Nikamwambia mimi ndiye wa kwenye picha, na kwamba sijawahi kufa. Alinishika mkono akaugeuza huku na huku. Akaniuliza kama homa imepona. Nikamwambia sikuwahi kuwa nayo. Hapo akataka kujua ni nani mwingine kwetu aliyekufa ambaye yuko hai.

Nimemwambia atawauliza nyinyi wenyewe. Shule inafunga tarehe 28, na Jumamosi ya tarehe 29 saa tatu asubuhi nitamleta maktaba. Mama ameshakubali kuja. Baba nimemwandikia leo, na asipokuja tutamfuata dukani. Mtajibu mbele yake, mmoja baada ya mwingine, na maswali ni yake. Nimekaa naye siku mbili tu, lakini nakuhakikishia haruki ukurasa.

Binti wa kaka yako